Vitabu vya sayansi ya michezo: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Septemba 2025, Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros walimaliza marathoni ya dunia kule Tokyo kwa muda uleule, 2:09:48, ikabidi picha ya mstari wa mwisho iamue. Dhahabu ikaja Tanzania. Asubuhi ile kijiweni kwetu kila mtu alikuwa profesa. Mmoja alisema ni damu, wa pili akasema ni hewa ya milimani, wa tatu akasema damu na hewa si kitu, ile ni akili tu, kakataa kushindwa. Mzee wa kahawa akatuuliza hayo yote tumeyasoma wapi. Kimya.

Kwa kuwa mimi ndiye nina kabati la vitabu hivi nyumbani, naandika mpangilio wangu kwa anayetaka kununua kimoja au viwili bila kutupa hela. Vyote ni vya Kiingereza. Kipimo changu ni kimoja: je, mwandishi ananionyesha amejuaje anachokisema, na wapi anaweza kuwa amekosea? Kitabu kinachonipa majibu tu bila njia ya kuyafikia nakirudisha rafuni, hata jalada lake liwe na wino wa dhahabu.

Cha kwanza: Endure, Alex Hutchinson (2018). Hutchinson ni Mkanada mwenye shahada ya udaktari ya fizikia, na amekimbia mbio za ushindani yeye mwenyewe. Anauliza swali dogo: mwili unaposema "basi", nani hasa amesema? Anapita kwenye maumivu, misuli, oksijeni, joto, kiu na chakula, na kila mlango anawaweka wanasayansi wanaopingana. Tim Noakes wa Afrika Kusini anaona ubongo unafunga breki mapema ili kuulinda mwili. Samuele Marcora anaona hakuna breki yoyote ya siri, bali ni hesabu ya jinsi unavyohisi ugumu na kiasi ulicho tayari kuvumilia. Jaribio la Marcora la 2009 ndilo lililoninasa. Watu 16 walipewa kazi ya kuchosha akili kwenye kompyuta kwa dakika 90, kisha wakapanda baiskeli ya mazoezi. Walikata tamaa mapema kwa takriban asilimia 15 kuliko siku waliyotazama tu filamu za maelezo, ilhali mapigo ya moyo na misuli havikuonyesha sababu. Tangu nisome hapo, siku ya kufunga hesabu za mwezi ofisini siendi kupima kasi uwanjani.

Katikati ya sura kuna simulizi ya Monza, Mei 2017, Eliud Kipchoge alipojaribu kumaliza marathoni chini ya saa mbili akakosa kwa sekunde 25. Hutchinson alikuwapo. Kitabu kilitoka kabla ya Vienna 2019, alikofanikiwa, na ukikisoma ukiwa unajua mwisho wake kinakuwa kitamu zaidi. Kiingereza chake ni cha gazeti zuri, hakichoshi.

Cha pili: The Sports Gene, David Epstein (2013). Hiki ndicho cha kukipeleka kijiweni. Kuna kisa cha waruka juu wawili kwenye mashindano ya dunia ya Osaka, 2007: Stefan Holm wa Sweden, aliyeruka tangu utotoni, na Donald Thomas wa Bahamas, aliyeingia kwenye mchezo huo mwaka mmoja na ushee tu kabla, baada ya ubishi wa vijana chuoni. Thomas akashinda. Kuna Eero Mäntyranta wa Finland, bingwa wa kuteleza kwenye theluji, ambaye ukoo wake ulirithi mabadiliko ya jeni yanayoufanya mwili utengeneze chembe nyekundu za damu kwa wingi usio wa kawaida. Na kuna Wakalenjin, miguu yao myembamba kuanzia gotini kwenda chini, mwinuko wa Bonde la Ufa, na watoto wanaokwenda shule kwa miguu. Epstein hakupi ushindi wa haraka upande wowote. Damu ina sehemu yake, mazoezi yana sehemu yake, na hata uwezo wa kufaidika na mazoezi unatofautiana kati ya mtu na mtu. Kasoro yake ni umri: kimeandikwa kabla ya viatu vya mbio vyenye bamba la kaboni ndani ya soli kuvuruga rekodi zote.

Cha tatu: Thinking, Fast and Slow, Daniel Kahneman (2011). Si cha michezo, lakini kila kocha angesoma sura ya kurudi kwenye wastani. Wakufunzi wa marubani wa Israeli walimwambia Kahneman kwamba ukimsifu rubani anaharibu safari inayofuata, na ukimfokea anaboresha. Walichokiona kilikuwa kweli, sababu ndiyo haikuwa hiyo: aliyefanya vizuri mno leo, kwa bahati, kesho atashuka, usifu au ukae kimya. Nimewafikiria makocha wote walionifokea sekondari.

Onyo: sura ya nne, inayodai neno au picha inaweza kukusukuma kutenda bila wewe kujua, ilitegemea tafiti ndogo zilizoshindwa kurudiwa, na mwaka 2017 Kahneman mwenyewe alikiri aliziamini kupita kiasi. Kwangu hilo linampandisha hadhi, ila ujue unanunua nini. Na usijaribu kukisikiliza kwenye daladala. Ni kizito, kinataka meza.

Cha nne: Peak, Anders Ericsson na Robert Pool (2016). Umesikia kwamba saa 10,000 zinakufanya bingwa? Chimbuko lake ni utafiti wa Ericsson wa 1993 kwa wapiga fidla wa Berlin, na humu anaeleza kwa subira kwamba ule ulikuwa wastani tu, na kwamba aina ya mazoezi ina uzito kuliko saa. Kisa kizuri kuliko vyote ni cha Steve Faloon, kijana aliyefundishwa kukariri tarakimu akatoka 7 hadi 82. Alikuwa mkimbiaji, hivyo 3492 kwake ilikuwa dakika 3 na sekunde 49.2, muda wa maili moja. Baada ya hapo kitabu kinajirudia. Azima, soma nusu, rudisha.

Cha tano, kwa mtumba tu: Lore of Running, Tim Noakes. Toleo la kwanza ni la 1985, la nne linapita kurasa 900. Majedwali ya mazoezi na historia ya wakimbiaji bado ni hazina. Sehemu ya chakula Noakes mwenyewe ameikana hadharani, akahamia upande wa kupunguza wanga, na huko nako wataalamu wengi wa lishe hawakumfuata. Tafuta toleo la nne, usilipe bei ya kitabu kipya.

Nimeacha nje vile vya "siri saba za akili ya bingwa". Fungua nyuma: kama hakuna faharasa wala orodha ya tafiti, umeshajibiwa.

Sasa ununuzi wenyewe. Niliwahi kununua nakala safi kwa macho kutoka kwa muuzaji mmoja wa barabarani, nusu ya bei ya dukani. Nyumbani nikakuta ukurasa wa 96 unafuatwa na wa 129, na michoro yote imekuwa madoa meusi. Ilikuwa kopi ya wizi. Siku hizi nafungua penye mchoro kwanza, nasoma namba za kurasa mahali patatu, kisha nakunja mgongo kidogo nisikie kama gundi inalia. Muuzaji akikasirika, ondoka.

Epstein anasomeka vizuri kwenye simu. Noakes hapana, majedwali yanakatika. Endure chukua cha karatasi, tena andika jina lako ndani kabla hujatoka nacho nje: changu kiko kwa kocha tangu Ramadhani iliyopita, na kila nikikiulizia ananiambia yuko sura ya joto.