Vali ya mvuke wa petroli niliyoibadilisha mara mbili: uzoefu wangu

Kwa miezi mitatu gari langu, dogo la Kijapani la mwaka 2008 lenye injini ya cc 1500, lilikuwa likigoma kuwaka mahali pamoja tu: kituo cha mafuta. Nikishajaza tangi, stata ilizunguka bila injini kushika mpaka nikanyage pedeli ya mafuta hadi chini, ndipo iwake kwa kukohoa na kutoa harufu kali ya petroli. Asubuhi nyumbani liliwaka vizuri, ila kwenye foleni silensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ilipanda na kushuka, na taa ya injini haikuzimika.

Gereji ya kwanza ilinibadilishia plagi, kisha pampu ya mafuta, na ugonjwa haukupungua. Kwa plagi siwalaumu, zilikuwa zimechakaa kweli. Pampu ndiyo iliyoniuma, maana hakuna aliyepima presha ya mafuta kabla ya kuitoa.

Fundi wa pili aliunganisha mashine ya kupimia, ikaonyesha kodi, yaani namba ya hitilafu, P0171: hewa imezidi kiwango kwenye mchanganyiko wake na petroli. Kisha akaniuliza, “Mzee, huwa linagoma ukitoka wapi?” Nilipomjibu, alifungua boneti na kuubana kwa koleo mpira mwembamba unaoingia kwenye manifoldi ya hewa, bomba linalogawa hewa kwenye injini. Injini ikatulia papo hapo, na petroli ya ziada ambayo kompyuta ilikuwa ikiiongeza ili kufidia hewa ikashuka kutoka asilimia 22 hadi 4. Akazima gari, akachomoa vali ya mvuke, kijidude cheusi chenye waya mbili kilichokuwa kwenye mpira huo, akakipuliza kwa mdomo. Hewa ilipita kama kwenye mrija wa soda, ilhali vali hiyo ikiwa haina umeme inapaswa kuwa imefungwa kabisa.

Mvuke wa petroli unaotoka kwenye tangi hauachwi uende angani. Huhifadhiwa katika kopo lenye chembe za mkaa, na injini ikishapata moto kompyuta huifungua vali kwa vipindi vifupi ili mvuke uvutwe na kuunguzwa. Vali yangu ilikuwa imekwama ikiwa wazi. Siku za kawaida, kopo likiwa halina mvuke mwingi, injini ilivuta kupitia humo hewa ambayo kompyuta haikuipima, ndiyo maana ya P0171. Nikishajaza tangi, kopo lilijaa mvuke, injini ikaumeza wote kwa mkupuo na kushindwa kuwaka. Ndivyo gari moja lilivyoweza kuwa na njaa ya petroli asubuhi na kuvimbiwa nayo mchana. Kama kodi ingekuwa P0441 au P0496, ambazo zinauelekea moja kwa moja mfumo huu wa mvuke, huenda hata gereji ya kwanza ingeliona tatizo.

Vali ya kwanza niliyonunua ilikuwa mpya, ya nakala, kwa shilingi 35,000. Kuifunga kulichukua dakika kumi: plagi ya umeme, mipira miwili, boliti moja. Gari lilipona siku hiyohiyo, ingawa vali ilisikika ikigonga kuliko ile ya zamani. Baada ya wiki tano, nikiwa kituo cha mafuta, likagoma tena.

Nilikwenda Gerezani, Kariakoo, nikiwa nimeapa kutogusa tena nakala, nikachagua vali halisi ya mtumba kwa shilingi 60,000. Niliipuliza palepale kaunta, haikupitisha hewa. Nikaomba betri ya volti 12, ikalia “tik” na kufunguka. Muuzaji alinitazama kama mteja anayeonja chumvi dukani, lakini mtu asikubali kununua kifaa hiki bila vipimo hivyo viwili.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimeionea ile nakala. Fundi alipoutikisa mpira unaotoka kwenye kopo, zilidondoka chembe nyeusi za mkaa, na nyingine zilikuwa zimenasa ndani ya vali ikashindwa kufunga. Kosa lilikuwa langu: bomba la kituo likishajikata, nilizoea kumwomba mhudumu aongeze hadi shingoni, petroli ikaingia kwenye kopo na kuuharibu mkaa. Safari ya kwanza hakuna aliyeukagua mpira, na hilo ni kosa la fundi, hodari alivyo. Tukabadilisha kopo pia, la mtumba, na mipira tukaipuliza kwa kompresa.

Sasa ni mwezi wa nne, taa haijarudi, nami huondoka kituoni bomba linapojikata mara ya kwanza. Vali ya mtumba naipa nyota nne. Ya nakala naipa tatu; nimeisafisha, inafunga vizuri, na ipo kwenye buti pamoja na jeki.