Tathmini ya huduma ya wauguzi wa tiba shufaa wanaofika majumbani, Bombo

Familia yetu ya hapa Bombo imehudumiwa kwa miezi kadhaa na wauguzi wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia maumivu na dhiki mgonjwa wa ugonjwa mzito, wanaotoka Kampala kuwatembelea wagonjwa nyumbani. Kwa kuwa wengi hapa mtaani huisikia huduma hii pale tu jirani anapokaribia kufariki, nimeona niieleze kama nilivyoiona, pamoja na kasoro zake. Mgonjwa wetu ni baba yangu mdogo, tunayemwita Haji, ambaye saratani yake ya tezi dume imekwisha kuenea hadi kwenye mifupa ya mgongo. Daktari alipotueleza kwamba kupona hakutarajiwi tena, alituandikia barua ya kwenda kwa wauguzi hawa, na sisi tukaipokea barua ile kama talaka ya hospitali. Sivyo ilivyokuwa.

Sista aliyekuja mara ya kwanza hakuanza na dawa. Alimwomba Haji aonyeshe maumivu yake kwa vidole vya mkono, ngumi iliyofungwa ikiwa na maana kwamba hakuna maumivu, na vidole vitano kwamba hayavumiliki. Haji akaonyesha viwili. Sista hakubishana naye, bali alimwomba ajigeuze kitandani, akamtazama usoni alipokuwa akijigeuza, kisha akauliza tena kwa upole, na safari hii vikatoka vinne. Wazee wa umri wake wamelelewa wakiamini kwamba kulalamika ni aibu, na muuguzi anayeandika tu kile anachoambiwa angeondoka na vidole viwili kwenye karatasi.

Swali lililofuata ndilo lililonifanya niithamini huduma hii. Alimuuliza, "Haji, ugonjwa huu umekuzuia kufanya nini?" Baba Mdogo, ambaye hospitali alikuwa akijibu kwa neno moja moja, alizungumza muda mrefu kuhusu sala ya alfajiri, kuhusu rukuu asiyoiweza, na kuhusu baraza la wazee ambalo sasa linakaa bila yeye. Mofini ya maji, dawa ya kutuliza maumivu makali, huhitaji takriban nusu saa kuanza kutuliza maumivu, na nguvu yake hudumu kama saa nne. Kwa hiyo sista alipanga dozi ya kwanza inywewe kabla ya adhana, ili Haji aweze kufika msikitini na kuswali akiwa ameketi kwenye kiti. Kiwango cha dawa hakikubadilika siku hiyo, ila saa za kuinywa ndizo zilizobadilishwa.

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inasema kwamba afya ni ustawi kamili wa mwili, akili na jamii, wala si kukosekana kwa ugonjwa tu. Kwa kipimo hicho baba yangu mdogo hatakuwa na afya tena hata kwa saa moja. Kipimo cha wauguzi hawa ni cha chini zaidi, na kwa maoni yangu kinamfaa mgonjwa zaidi: leo anaweza kufanya nini ambacho wiki iliyopita hakukiweza? Wanafuata mafundisho ya Cicely Saunders, Mwingereza aliyefungua hospisi (nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona) ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, kwamba maumivu ya mwili, ya nafsi, ya jamii na ya roho huja pamoja. Mkondo huo uliingia Uganda mwaka 1993, Dkt. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda. Tangu mwaka 2004 kanuni za nchi zinamruhusu muuguzi aliyepata mafunzo maalumu kuandika mofini mwenyewe, na ndiyo maana hatukulazimika kumpakia mgonjwa garini kwenda kutafuta sahihi ya daktari.

Kuhusu dawa yenyewe, hofu yetu ilikuwa kwamba ingemlevya au kuharakisha kifo chake. Sista alieleza kwa subira kwamba hunywewa kwa saa maalumu bila kungoja maumivu yarudi, kwamba dozi ya kulalia huongezwa maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku, na kwamba lazima iambatane na dawa ya kulainisha choo. Vidonge hivyo vilipotuishia, alituelekeza tutumie mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa.

Shangazi alikuwa na maelezo yake ya chanzo cha ugonjwa, yaani husuda ya watu juu ya shamba, na tayari alikuwa amemwita mganga. Sista hakumcheka wala hakumkemea. Aliuliza dawa za mganga ni zipi, akaomba azione, akakubali makombe (maji yaliyooshea maandishi ya aya za Kurani), na akakataa kabisa mzizi wa kunywa kwa sababu ya figo za mgonjwa. Shangazi, ambaye hakubaliani na mtu kirahisi, alikubali.

Kasoro zipo. Nambari ya simu ya usiku mara nyingi haipokelewi, na usiku ndio wakati wa maumivu makali. Ziara huahirishwa gari linapokosa mafuta, na taarifa hutufikia mchana tukiwa tumekwisha kumwandaa mgonjwa. Fomu yao ya mambo ya kiroho ina nafasi ya jina la kasisi pekee. Sista aliikata kwa kalamu na kuandika imamu. Kubwa zaidi, karatasi ya dozi imeandikwa kwa Kiingereza, ilhali anayempa Haji dawa ni Shangazi, anayesoma Kiswahili tu.

Hata hivyo, naipendekeza huduma hii, na ningependa familia ziiombe mapema, tangu maumivu yanapoanza kumnyima mgonjwa usingizi. Andaeni barua ya hospitali na dawa zote zilizomo nyumbani, mitishamba ikiwemo, na kabla sista hajaondoka mwombeni aandike upya ratiba ya dozi kwa lugha ya yule atakayeshika kikombe.