Kushusha mashine ya kukerezea vyuma kwa kreni ya kukodi, Chake Chake: uzoefu wangu

Mwezi uliopita nilikodi kreni ya tani 25 pamoja na mafundi wanne ili watushushie mashine ya kukerezea vyuma na kuiweka mahali pake katika karakana yetu. Mashine hiyo ina uzito wa tani 2.8 na umbo lake linahadaa, kwani kichwa chenye gia na mota ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya uzito, ilhali upande wa pili ni mwepesi. Miaka miwili nyuma kundi jengine lilitunyanyulia mashine ya kutobolea kwa kukisia katikati yake kwa macho. Ilipinduka ikiwa hewani, na kijana wetu mmoja alinusurika kwa hatua moja tu. Kwa hiyo safari hii nilisimama nao tangu mwanzo.

Fundi mkuu hakugusa mkanda hata mmoja wa kunyanyulia kabla ya kusoma uzito kwenye kibati cha mashine. Kisha aliomba kibebeo cha kisu kisukumwe hadi mwisho wa upande mwepesi na kukazwa, ili pande mbili zikaribiane kwa uzito. Mikanda aliipitisha chini ya kitanda cha mashine, akaitenga na parafujo ndefu kwa vipande vya mbao, kwa sababu parafujo ile ikipinda hata kidogo, mashine haikerezi sawa tena. Penye kona kali alitanguliza mpira.

Nilimuuliza kwa nini amechagua mikanda mirefu namna ile. Alinieleza kwamba mikanda mirefu husimama wima zaidi kuliko mifupi: mikanda miwili ikisimama kwa nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, na mzigo ukiwa umegawika sawa, kila mmoja huvutwa kwa takriban tani 1.6, lakini ikilala hadi nyuzi 30, kila mmoja huvutwa kwa tani 2.8, yaani sawa na uzito wa mashine nzima. Mikanda yake ilikuwa ya tani 3 kila mmoja.

Walipoinua mara ya kwanza, upande mwepesi ulipanda kimo cha vidole vinne huku kichwa kikibaki pale pale. Aliamuru irudishwe, akasogeza mkanda mmoja shubiri moja kuelekea kichwani, na mara ya pili mashine ikapanda ikiwa imelala sawa, vijana wawili wakiizuia isizunguke kwa kamba za pembeni.

Nina malalamiko mawili. Walikuja bila mbao za kuweka chini ya miguu ya kreni, nasi tukahangaika kuzitafuta, kwani mvua ilikuwa imelainisha udongo. Pili, kwa muda watu wawili walikuwa wakimpa dereva ishara kwa pamoja, jambo la hatari kubwa, mpaka fundi mkuu alipomwondoa mmoja.

Bei yao ni kubwa, lakini nimeridhika nayo. Nitawaita tena kwa ajili ya jenereta yetu, kwa sharti kwamba mbao waje nazo wenyewe na mtoa ishara atajwe kabla kreni haijawashwa.