Miezi minne na zana ya kusaka makosa kwa data za nasibu

Mifano yote mitatu ya swali ilipita. Nikatuma, jaji (programu ya mashindano inayosahihisha majibu) akanirudishia "jibu si sahihi" kwenye jaribio la 27, na jaribio lenyewe ni refu mno, linaonyeshwa mwanzo wake tu. Ukishiriki mashindano ya kuandika programu unaijua hali hiyo: unaikodolea macho mistari 40 na huoni kitu.

Ndipo nilipoanza kutumia zana hii ya terminali, yaani ya kuendeshwa kwa amri za maandishi. Unaipa faili tatu: suluhisho lako la kasi, suluhisho la kizembe unaloamini ni sahihi hata kama linajikokota, na jenereta, yaani programu inayotunga data za nasibu. Inazikompaili (kuzigeuza ziwe programu zinazoendeshwa) mara moja tu, kisha inazunguka: inazalisha data, inaendesha masuluhisho yote mawili, inalinganisha majibu. Yakitofautiana inasimama na kukuhifadhia data iliyozua ugomvi.

Swali langu lilitaka ujumlishe namba ndogo kabisa ya kila kipande cha safu, yaani cha orodha ya namba zilizopangwa. Jenereta ilitoa safu za urefu usiozidi 6, namba 1 hadi 5. Zana ikasimama kwenye jaribio la nne: safu ya namba mbili, 1 na 1. Jibu sahihi 3, langu 4. Sikuhitaji hata kalamu. Namba zikilingana, kila moja ilikuwa inajidai kuwa ndiyo ndogo, na kipande kilekile kikahesabiwa mara mbili. Nikaweka `<=` badala ya `<`, upande mmoja tu. Mifano ya swali haikuwa na namba iliyojirudia hata moja!

Nikatuma tena, nikaanguka tena, safari hii mbele zaidi. Hapo zana haikunisaidia. Kwa kila namba nilikuwa nazidisha urefu wa kushoto kwa wa kulia (nafasi ambazo namba hiyo inabaki kuwa ndogo kabisa) ndani ya `int`, aina ya namba kamili ambayo mwisho wake ni 2147483647, na safu ya urefu wa 6 haifiki huko hata ukeshe. Ilibidi nitengeneze safu moja ya namba 200000 yenye namba ndogo kabisa katikati na kukompaili kwa `-fsanitize=undefined`, chaguo linaloifanya programu ipige kelele namba ikipita kikomo, mstari wenye kosa ukajitaja wenyewe.

Wiki moja baadaye nilijidanganya mwenyewe. Majaribio 500 yalipita ndani ya sekunde nane, nikashangilia. Kumbe jenereta yangu ilichukua mbegu ya nasibu (namba ya kuanzia inayoamua data zote zitakazotoka) kutoka kwenye saa, na saa hiyo hubadilika mara moja kwa sekunde, kwa hiyo nilikuwa narudiarudia data tisa hivi. Zana huipa jenereta namba ya jaribio kama kigezo cha kwanza. Hiyo ndiyo ya kutumia kama mbegu. Isitoshe, jaribio la 317 likianguka unaweza kulizalisha tena lilelile.

Kinachonikera ni maswali yenye majibu mengi yanayokubalika. Zana hulinganisha mstari kwa mstari, kwa hiyo njia mbili halali kwenye grafu (mtandao wa vituo na viunganishi) inazihesabu kuwa kosa. Unaruhusiwa kuandika programu yako ya kukagua, lakini maelezo yake ni sentensi moja tu, na nilipoteza jioni nzima kugundua faili zinapitishwa kwa mpangilio gani: data kwanza, jibu langu, kisha la kizembe.

Kwenye mashindano yenyewe siigusi kwa maswali mawili ya mwanzo. Kuanzia la tatu, jenereta yangu ya safu iko tayari kwenye folda, nabadilisha namba mbili tu.