Kitambaa cha fibaglasi chenye poda ya bainda: kupanga raha, kubana kazi

Nimekitumia hiki cha gramu 600 kwa mita ya mraba, kile wanachokinyunyizia poda ya epoksi kiwandani (ndiyo hiyo bainda) ili leya zishikane zenyewe kwenye moldi. Kwenye kupanga sina neno, ukikata hakichanuki pembeni, kwenye kona unapitisha joto kidogo kinaganda palepale, mambo ya kupuliza gundi ya kopo unasahau kabisa.

Shida inaanza ukishafunga mfuko wa plastiki juu ya kitambaa na kuwasha pampu ya kunyonya hewa, kabla ya kuvuta resini (ile gundi ya maji inayoganda na kushika nyuzi). Kitambaa kikavu kinabanika kwa sababu nyuzi zinateleza na leya ya juu inazama kwenye mabonde ya leya ya chini, sasa zile punje za poda zimekaa katikati hapo, haziachii leya itelezee mwenzake, na vakyumu hata pampu iwe kali vipi haikupi zaidi ya ba 1 hivi, sio kama wenzetu wenye otoklevu, lile joko la presha kubwa. Piga hesabu: leya 10, nyuzi zikifika asilimia 55 ya ujazo kipande kinatoka unene wa milimita 4.3 hivi, zikiishia asilimia 50 ni 4.7. Glasi ni ileile, kilichoongezeka ni resini tu, umeinunua na utaibeba.

Ila pasha moto pampu ikiwa bado inavuta mpaka poda ilainike, halafu iache ipoe hivyohivyo bila kuzima. Utaona mfuko unashuka, poda inajipenyeza kwenye nyuzi, na ikipoa kitambaa hakivimbi tena kama kile cha kawaida ukikiachia. Resini itapita polepole zaidi maana njia zimebanwa, kwa hiyo usikose wavu wa kusambazia resini juu.

Na msichanganye hii na saizingi jamani, ile ni ngozi nyembamba iliyopakwa kwenye kila uzi tangu unavutwa, inapunguza msuguano na inasaidia resini kushika, wewe kazi yako ni kuhakikisha inakubaliana na resini yako basi.

Natoa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeinyima kwa sababu karatasi ya bidhaa imeandika uzito na upana tu, joto la kulainisha poda hakuna mpaka umsumbue muuzaji, na hicho ndicho kitu cha kwanza mtu anahitaji kujua.