The Nutcracker pale New York: kisa chepesi, lakini nitarudi

Nianze na wale wanaotaka kila mchezo uwe na kisa kizito: The Nutcracker, ballet inayosimulia kisa kwa ngoma na muziki bila maneno, haitawatosha. Marie anapewa zawadi ya Krismasi, askari wa mbao wa kubanjia kokwa. Usiku askari anapigana na Mfalme wa Panya, Marie anamtupia panya kiatu, askari anageuka mwana wa mfalme, wanashika njia kwenda nchi ya peremende. Basi. Baada ya mapumziko, karibu sehemu yote ya pili ni wenyeji wa nchi hiyo wakiwachezea hao watoto wawili walioketi kama wafalme.

Niliiona Desemba pale Lincoln Center, kituo cha sanaa cha New York, ikichezwa na kundi la New York City Ballet, nikiwa na binti wa dada yangu. Nilikwenda kwa ajili yake, nikitarajia kusinzia. Sikusinzia hata kidogo.

Ajabu ni kwamba ilipoonyeshwa mara ya kwanza, Desemba 1892 katika ukumbi wa Mariinsky, St. Petersburg, wakosoaji hawakuikubali. Walisema watoto jukwaani wamezidi, kisa hakina uzito, na mchezaji mkuu wa kike anachelewa mno kutokea. Yote ni kweli mpaka leo, na ndiyo yanayojaza ukumbi. Waliotuzunguka wengi walikuwa wazazi na watoto wao, na watoto wanataka kuona watoto wenzao. Mama Ginger, mmoja wa wenyeji wa nchi ya peremende, anapoingia na sketi pana kama hema, halafu watoto wanane wanachomoka chini yake, ukumbi mzima ulicheka.

Toleo hili ni la George Balanchine, aliyeicheza akiwa kijana huko Urusi kisha akaipanga upya New York mwaka 1954. Mti wake wa Krismasi unakua mbele ya macho yako kutoka futi 12 hadi 41, na muziki unapanda nao, unapanda tena, hata unadhani paa litapasuka. "Mama mdogo, mbona haukomi?" mtoto aliniuliza, kucha zake zimezama mkononi mwangu.

Kwangu mimi, hata hivyo, mwenye kazi hasa ni Tchaikovsky, Mrusi aliyetunga muziki wake. Alisikia selesta Paris, kinanda kidogo ambacho sauti yake ni ya vikengele, akamwandikia mchapishaji wake aagize kimoja kwa siri, watunzi wenzake wasije wakamtangulia. Ndicho kinacholia Malkia wa Peremende anapocheza peke yake. Nilikuwa nimekisikia mara nyingi kwenye matangazo ya biashara. Kukisikia kikipigwa na okestra iliyo mbele yako ni jambo jingine kabisa.

Nina neno kuhusu ngoma ya kahawa, moja ya zile za nchi ya peremende, inayoitwa ya Kiarabu. Mimi wa Mombasa, niliyekulia kwenye kahawa chungu na kashata, sikuona Uarabuni wowote pale: ni kiuno wazi na vikengele vidogo. Na muziki wenyewe asili yake ni wimbo wa kubembeleza mtoto wa Georgia, ile ya Kaukazi! Ni mzuri mno, ila jina ni la kubandikwa. Ngoma ya chai, ya Wachina, nayo imelalamikiwa sana, na makundi kadhaa yameirekebisha miaka ya karibuni.

Kuhusu viti: tovuti tuliyonunulia tiketi, ambayo si ya ukumbi, ilituuzia viti vya pembeni ikidai ni vya katikati. Robo ya jukwaa hatukuiona, na pesa hazirudi. Nunua kwa ukumbi wenyewe, mapema, maana wikendi za Desemba huisha haraka. Lakini usiogope ghorofa za juu. Kwenye ngoma ya theluji wanacheza wasichana 16, karatasi nyeupe zinamwagika kutoka darini, watoto wanaimba bila maneno, na ukiwa juu ndipo unaona wanavyochora mistari na miduara sakafuni. Aliye chini anaona sketi tu.

Yote huchukua kama saa mbili, pamoja na mapumziko. Kwa mtoto wa miaka sita kwenda juu, sawa. Wa chini ya hapo atawachosha majirani. Mwakani naenda tena, viti vya katikati, juu kabisa.