CCR5 na HLA-B*57: kinga mbili za kurithi dhidi ya VVU

Tangu mwaka 1996, mabadiliko ya jeni ya CCR5 yamesifiwa kuliko tofauti nyingine yoyote ya urithi inayohusu VVU, kwa sababu aliyeyarithi kwa wazazi wote wawili hukosa kwenye seli zake mlango ambao aina nyingi za virusi hivyo hupitia. Hata hivyo, hupatikana hasa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kwa Waafrika ni nadra mno.

Aina ya jeni iitwayo HLA-B*57 hufanya kazi kwa njia nyingine. Haizuii maambukizi, bali huzisaidia chembe za kinga kutambua vipande vya protini ambavyo virusi haviwezi kuvibadilisha bila kudhoofika, hivyo ugonjwa huenda polepole. Kwa maoni yangu, sisi Waganda tunapaswa kuijali zaidi hii ya pili, kwa kuwa imo miongoni mwetu Waafrika na inawaonyesha watafiti wa chanjo mahali virusi vilipo dhaifu. Aliye nayo bado anahitaji dawa za kufubaza virusi kama mgonjwa mwingine yeyote.